Kurasa Tatu za Kushonea

Jumatatu, tarehe nne

Ndipo nikasema hakufa, aliolewa.

Kimya! Watu kumi na mmoja, viti vya plastiki, hata wa kukohoa hakuna. Nikadhani hawajanisikia. Nikarudia: yule binti wa kitabuni hakufa, aliolewa, na gauni lilikuwa na mkia wa kuburura chini. Mama Miwani akavua miwani. Huyu ni mwalimu mstaafu, ukimwona anavua miwani ujue kuna mtu ataumbuka. Akaniuliza taratibu, harusi hiyo iko ukurasa gani. Nikasema mwishoni. Akasema mwishoni binti anazikwa. Nikasema mwishoni kabisa! Akasema basi nifungue niwasomee. Nikapekua mkoba. Nikasema miwani nimeisahau nyumbani. Miwani ipi? Sijawahi kuwa na miwani tangu nizaliwe.

Wifi, andika na hili. Najua unalijua, lakini daftari halijui. Mimi kusoma sijui. Pale maktaba hawana habari. Sharti lao wamelibandika mlangoni: kila mwanachama asome kwa macho yake. Siku wakijua, kile kiti changu cha dirishani kwaheri. Na pale ndipo ninapoitwa mama wa busara. Kwingine naitwa bibi, hebu sogea.

Aliyeniokoa ni Bwana Maktaba, yule kijana wa kugonga mihuri. Akajikuna kidevu, akasema labda mama ana maana kaburi ndiyo nyumba yake ya ndoa, amefika mahali ambapo hakuna wa kumrudisha kwao. Wote: aaah! Mmoja akapiga makofi. Eti mama ameona mbali. Nikanyamaza kama mtu aliyeona mbali.

Na hapo hapo wakanichagua! Jumatatu ijayo mimi ndiye nitakayefungua mazungumzo. Nisimame, niseme kitabu chote, wengine wafuate. Mama Miwani ameiomba kazi hiyo mara tatu. Akafunga daftari lake paa, kama mtu anayeua mbu.

Kisha tukagawiwa kitabu kipya. Juu kina picha ya dirisha na taa. Bwana Maktaba akatueleza kwa ufupi: mtu wa kuwasha taa za treni kwenye stesheni ndogo, mkewe, na mtoto wao aliyepotea siku ya ukungu. Kitabu hiki nakijua! Marehemu mume wangu alinisomea, kiti kwa kiti, mwanzo hadi mwisho, mwaka ule. Hiki simhitaji mtu. Nimeshakisoma kwa masikio.

Jumanne, tarehe tano

Asubuhi na mapema nikaenda kugombana.

Kwa daftari lisilojua: mimi nina vyama vitatu vya vitabu. Watu wananiuliza kimoja hakitoshi? Hakitoshi. Mwenye chama kimoja ni kama mwenye sufuria moja, akibandika chai mboga zitangoja. Cha kwanza ni cha mafundi cherehani, hapa ng'ambo ya kichochoro. Pale nasikia. Mmoja anasoma kwa sauti kitabu nilichopewa maktaba, wengine wanashona, mimi nakaza vifungo. Cha pili ndicho cha maktaba. Pale nasema nilichosikia kwa mafundi. Cha tatu ni cha benchi la presha, zahanati, kila Jumatano. Pale nasimulia. Nasikia, nasema, nasimulia! Kitabu kimoja kinanilisha mara tatu. Kuna msomi anayefaidi hivyo? Wao wanasoma mara moja, wanafunga, wanalala.

Sasa msomaji wa mafundi ni Mama Pima, yule mwenye futi shingoni, hata kwenye picha ya pasipoti analo. Nikamkuta anakata shela. Nikamuuliza mbele ya wenzake: yule binti ulimwozesha nani? Akacheka. Hakukana! Akasema siku ile mezani palikuwa na gauni la harusi la satini nyeupe, na wanawake sita wameinama juu yake. Binti afe, walie, halafu machozi na wanja juu ya satini atafua nani, mimi? Basi akamwozesha. Na akasema si huyo tu. Yule nahodha wa mwezi jana, kitabuni alizama. Yule mjane hakupata nyumba. Yule mbwa!

Nikauliza hata mbwa?

Akasema bibi wee, mbwa ndiye wa kwanza.

Mafundi wanajua wote! Wanaita kupinda. Eti kitabu kama suruali, kikiwa kirefu mno upande wa majonzi unakipinda. Miaka miwili ninapeleka maktaba vitabu vilivyopindwa. Ndiyo maana Mama Miwani huniangalia vile.

Nilisimama, nikawaambia maneno mazito. Kwamba kusoma uongo ni kumwibia mwenye kitabu na mwenye masikio, kwa siku moja. Kwamba mume wangu alinisomea miaka thelathini na nane, kila jioni baada ya kazi, na hakuwahi kupinda neno. Kwamba kitabu kipya hawatakigusa. Nikaacha vifungo vinane havijakazwa. Nikatoka kichwa juu.

Wifi, unakohoa nini? Andika. Andika na kikohozi.

Jumatano, tarehe sita

Zahanati. Benchi limejaa hadi mlangoni. Mzee Gazeti amenishikia nafasi. Huyu alikuwa mpishi wa hoteli, hatembei bila gazeti, analitandaza mbele ya uso hata akisinzia. Akaniambia dada, leo una nini? Nikasema leo nina kitu ambacho hamjawahi kukisikia.

Nikawapa stesheni. Nikawapa ukungu. Nikawapa mtoto wa miaka sita aliyetoka nje kumpelekea baba chakula, akashika njia ya reli, hakuonekana tena. Nikawapa mama anayewasha taa dirishani kila jioni. Nikakata hapo hapo. Benchi zima: ah!

Nesi akatoka kupima. Anasema watu wa Jumatano presha zao zinashuka kuliko wa siku nyingine, hajui kwa nini. Mimi najua. Mzee Gazeti aliitwa, akaingia, akarudi amevaa shati nusu, akaniuliza mtoto alionekana au hakuonekana. Nikamwambia wiki ijayo. Akasema dada, mimi wiki ijayo sina mkataba nayo. Nikamwambia vumilia, ukijua mwisho utashukuru.

Raha! Marehemu angeniona.

Ijumaa, tarehe nane

Mazoezi. Nimesimama mbele ya kabati la vyombo, nikalihutubia. Mpango wangu ni huu. Nitaanza polepole, nitapanda, na mwisho nitasema yale maneno ya mwisho ya kitabu kwa moyo, bila kufungua. Mama Miwani huwa anasoma kwa kidole. Mimi bila kitabu! Atameza miwani.

Maneno yenyewe nayakumbuka kama jina langu. Miaka saba imepita. Mama anaweka mafuta kwenye taa. Mlango unagongwa. Kijana mrefu amesimama, na anasema: Mama, zima taa, nimeshafika.

Basi. Kitabu kinaishia hapo.

Marehemu aliponisomea hayo nilikuwa sijala vizuri miezi minane. Wifi unaikumbuka hiyo miezi, ulikuja kunifulia. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameondoka. Homa ya siku tatu, miaka sita, viatu vipya hajavivaa. Sitaki kuongeza hapo, ruka mstari.

Aliponisomea hayo, nikainuka, nikaomba chai yenye sukari.

Wifi akaniambia leo, lete hicho kitabu nikupitishie kabla ya Jumatatu, kwa usalama. Nikamuuliza usalama gani, humwamini kaka yako? Akasema namwamini. Akakichukua jikoni, akakaa nacho muda. Alipotoka macho mekundu. Nikauliza nini, akasema vitunguu. Hatuna vitunguu ndani ya nyumba hii tangu Jumanne.

Haya, usitake kuandika, lakini andika.

Jumatatu, tarehe kumi na moja

Sitaki kusema.

Nasema. Nilivaa gauni la bluu. Nilisimama. Niliongea vizuri, wifi, nasema kweli, hata anayefagia aliacha ufagio. Stesheni ikawa mle ndani. Nikafika mwisho, nikafumba macho, nikasema: Mama, zima taa, nimeshafika.

Kimya. Nikakijua hicho kimya. Ndicho cha wiki iliyopita.

Nikafumbua macho, nikamtazama Bwana Maktaba aje na kaburi lake la ndoa. Akatazama sakafu. Mama Miwani akafungua kitabu chake kule nyuma, akavaa miwani badala ya kuivua, akasoma. Hakusoma kwa kidole. Alisoma polepole, sauti ya chini. Ukungu uliondoka siku ya tatu. Walimkuta karibu na tangi la maji. Baba alimbeba. Na mama aliwasha taa jioni ile, na jioni ya pili, na kila jioni, akijua, taa ikawaka.

Basi. Kitabu kinaishia hapo, anasema yeye.

Nikasema kitabu hiki kimechapwa vibaya. Nikasema kwa sauti, kimechapwa vibaya, mimi mume wangu alinisomea chote na mtoto alirudi!

Ulimi hauna mfupa. Alinisomea. Nililisema mwenyewe, mbele ya watu kumi na mmoja, chini ya lile sharti lao la mlangoni. Nikaona linapita usoni kwao mmoja mmoja: miwani inayosahauliwa, kila kitu. Bwana Maktaba akanifuata taratibu, akaniambia mama, usijali, hapa hapa kila Alhamisi kuna darasa la watu wazima wanaoanza kusoma. Darasa! Mimi! Nikachukua mkoba, kitabu kikiwa ndani, nikatoka.

Mama Miwani akanikimbilia hadi getini na mwavuli wangu. Nikajua amekuja kunimalizia. Akanipa mwavuli, akasema: mwenzangu, marehemu wako alikuwa msomaji kuliko mimi.

Umeona kejeli hiyo? Mtu hata mwavuli hawezi kurudisha bila kuchoma.

Jumanne, tarehe kumi na mbili

Leo sisemi na wifi. Wifi, andika kwamba sisemi na wewe.

Nilimuuliza swali moja tu asubuhi: kaka yako alinidanganya? Akaweka kikombe chini. Akasema kaa. Nikasema nimesimama vizuri. Akasema basi simama.

Akasema mwaka ule kaka yake alimfuata ofisini, wifi wakati huo alikuwa mpiga taipu, akamwekea kitabu mezani. Akamwambia jioni hii naingia kurasa za mwisho, siwezi kumsomea hizi. Wifi akamwambia mwambie kimeishia katikati. Kaka akasema mke wangu atajua. Wifi akamwambia basi tunga tu. Kaka akasema atajua, mimi nikidanganya najikuna sikio, na yeye hasomi lakini ananisikiliza hadi pumzi. Nipigie taipu. Nikiwa na karatasi mbele yangu sitajikuna.

Akasimama nyuma ya kiti cha wifi, akatunga, wifi akagonga. Kurasa tatu. Wifi alikosea mara mbili, kaka akataka ianzwe upya, eti karatasi chafu itamtoa kwenye mstari. Mwisho alipofika kwenye zima taa, wifi ndiye aliyeshindwa kugonga. Kaka yake akagonga mwenyewe kwa kidole kimoja.

Kumbe! Miaka yote hii! Mtu na dada yake, wamenifungia mlango, wakanitungia mtoto!

Nikamwambia wifi nyie wezi. Akasema ndiyo. Nikamwambia na vile vitabu vingine? Akasema vingine sijui, mimi nilipiga taipu hicho kimoja. Nikawaza vitabu vya miaka thelathini na nane. Mama wote wale waliopata watoto wao. Wagonjwa wote waliopona. Nikawaza sikio lake la kulia, lilivyokuwa na alama ndogo ya kukwaruzwa, na mimi nampaka mafuta, namwambia ni baridi.

Kurasa zenyewe ziko wapi, nikauliza. Kitabu kilikuwa cha watu, kaka yake akakirudisha, kurasa akamwachia wifi. Ziko kwenye bahasha ya kahawia, chini ya vyeti vyake. Nikasema sizitaki, zichome.

Akasema sichomi.

Ndiyo maana sisemi naye. Weka nukta.

Jumatano, tarehe kumi na tatu

Leo niliamua kuwa mkweli. Sitakuwa kama hao. Watu wa benchi wanastahili kitabu kama kilivyo.

Nikawaambia. Siku ya tatu ukungu uliondoka, wakamkuta karibu na tangi la maji. Nikafika hadi taa ikawaka.

Loh! Mama mmoja akajifunika kanga usoni. Mwingine akaanza kuhema. Mzee Gazeti akashusha gazeti, akanitazama, akasema dada, nimekukosea nini? Nesi akaanza kupima. Wa kwanza amepanda. Wa pili amepanda. Wa tano akaambiwa alale kitandani. Vitanda ni viwili, wa kulala wakawa wanne. Nesi akadhani mashine imeharibika, akajipima mwenyewe, ikawa sawa. Akatoka nje akauliza nani amefanya nini humu. Benchi zima likanionyesha kidole. Kidole cha umoja! Watu niliowalisha vitabu miaka miwili!

Nesi akanivuta pembeni. Akaniambia bibi, sijui ulichowaambia, ila rudi ukakitengeneze, vinginevyo Jumatano uje peke yako saa nane mchana nisipokuwepo.

Nikarudi. Nikasimama. Nikasema jamani, nilikuwa sijamaliza. Yule aliyekutwa kwenye tangi alikuwa mtoto wa stesheni nyingine.

Wakasema ehee!

Nikasema miaka saba. Mafuta kwenye taa. Mlango ngo ngo ngo. Nikawapa maneno yake yale, neno kwa neno, na mkono ukapanda wenyewe. Nikajikuta najikuna sikio.

Mzee Gazeti akasema tulijua! Mtoto hapotei hivi hivi. Wakapimwa tena. Wameshuka. Wote.

Hata mimi, nesi anasema, hajawahi kuniona chini hivi.

Alhamisi, tarehe kumi na nne

Nimeingia chama cha nne.

Msiseme ni darasa. Kuna viti, kuna vitabu, kuna watu, ni chama. Nilikwenda nikawaonyeshe tu kwamba siogopi mlango ule. Nikasukuma mlango, mwalimu nani? Mama Miwani! Anafundisha bure kila Alhamisi, na hajawahi kusema. Na kwenye dawati la mbele, gazeti mapajani, nani? Mzee Gazeti. Miaka yote anasoma lile gazeti! Tukatazamana. Tukakubaliana kwa macho kwamba hatujawahi kukutana.

Nikatafuta kiti cha nyuma kabisa. Mpango! Mama Miwani akaandika sentensi ubaoni, akataka kila mtu asome kwa zamu. Wako tisa mbele yangu. Wa kwanza akaivunjavunja kama kuni. Wa pili hivyo hivyo. Hadi inanifikia mimi nimeisikia mara tisa. Nikasimama, nikaitamka moja kwa moja, kwa kupanda na kushuka, na nikaweka kituo pale marehemu angeweka. Darasa likageuka. Mzee Gazeti akasema dada, umezaliwa nalo hilo.

Mama Miwani akaja hadi dawatini, akainakili sentensi ile kwenye daftari langu jipya. Akaweka kidole kwenye neno moja la katikati daftarini, akaniuliza, na hili je? Nikamwambia hilo nimeshalisoma.

Kisha akachukua kalamu nyekundu akanipigia vema. Vema kubwa! Wifi, bandika ukurasa huo ukutani.

Ndiyo, nasema nawe. Ilikuwa jana na juzi.

Jumanne, tarehe kumi na tisa

Andika upesi, sina muda.

Jana maktaba nilikwenda. Nilikaa kiti changu cha dirishani, nikangoja wanifukuze. Hakuna aliyesema kitu. Lile sharti halipo mlangoni, imebaki gundi tu. Bwana Maktaba akakusanya vile vitabu vya taa. Nikamwambia changu nitarudisha wiki ijayo, kuna ukurasa haujaniingia vizuri. Akasema mama, chukua muda wako. Mama Miwani akauliza eti ni ukurasa gani. Nikamwambia wa mwishoni kabisa.

Na leo asubuhi nilimwambia wifi lete ile bahasha. Hakuuliza ipi. Zimekuwa rangi ya chai hizo karatasi, kingo zimejikunja, lakini herufi nyeusi tii. Nikamuuliza kidole kimoja kilianzia wapi. Akanionyesha. Mstari wa mwisho unapanda na kushuka, herufi nyingine zimegongwa hadi zimetoboa karatasi. Nikapapasa upande wa nyuma. Zinasomeka kwa kidole.

Nikachukua sindano namba tisa, uzi mweupe uliokunjwa mara mbili. Zile karatasi za tangi la maji nimezishona pamoja, kingo kwa kingo, mshono mdogo mdogo, hazifunguki bila wembe. Sijachana kitu cha watu, sikilizeni, mimi si mharibifu. Juu yake nimeshonea kurasa tatu. Nimekata uzi kwa meno. Kinafunga vizuri, kimenenepa kidogo tu tumboni. Anayekuja kukiazima atapata kitabu kilichokamilika.

Na vingine kumi vilivyo maktaba? Tunaviendea. Wifi, ile taipu yako bado inagonga? Usinitazame hivyo. Karatasi tatu mara kumi si nyingi.

Wifi ananiuliza, na Mama Miwani siku akikifungua, akakuta uzi? Nitasemaje? Nitasema sijui chochote. Mimi si sijui kusoma?

Sasa tatizo moja tu. Mafundi nilikuwa nimewakatalia kitabu. Nilipita kwa Mama Pima saa moja iliyopita, nikamwekea mezani bila salamu. Nikamwambia kisome, ila kisome kama kilivyo, usipinde hata neno. Akafungua nyuma, kama kawaida yake ya kupima urefu wa majonzi kwanza. Akasoma kimya. Akalishika lile futi lake kwa mikono miwili. Akaniuliza, bibi, nani kaandika hizi? Nikamwambia mwenye kitabu.

Wana gauni jeupe mezani leo, mkia wake unafika mlangoni. Nikamwambia usihofu satini. Hakuna wa kulia. Mimi nakijua mwisho wake.

Wifi, kweli hicho kidole kimoja aligonga polepole? Ilichukua muda gani? Hebu niambie tena, alisimama upande gani wa ki—

Huyo Mama Pima ananiita. Unasikia? Anapiga kelele kichochoro kizima, bibi wee, njoo, mtoto ameshika njia ya reli, tukusubiri au tusikusubiri?

Nakuja! Msimwache peke yake kwenye ukungu, nakuja! Wifi, funga daftari, twende. Acha leso. La, ichukue. Ichukue, viatu vyangu viko—